Miguu Miwili ya Tanki

Nakumbuka siku zile za vita, mwanangu, jua likichoma yale mawe meusi ya volkeno nje ya Goma, na wakimbizi wamejaa hata pa kuweka mguu hakuna. Watoto walikunywa maji ya madimbwi, wakahara, wakafa. Mimi nilikuwa kijana, mchomeleaji wa vyuma kutoka mtaa wa Birere mjini, na mdomo nilikuwa nao, eeh, usiniulize.

Tuliletewa tanki la chuma, refu kama lori, la kulazwa chini, libane maji kwa presha ya hewa na kuyasukuma hadi kambini. Vitako vyake vya beto, yaani miguu ya zege ya kulilazia, alivibuni mhandisi wetu, Mama Kavira wa Butembo, mwanamke mfupi, mpole wa sauti. Akachora viwili tu.

Papa Sebu, msemaji wa wakimbizi, alikuwa amemzika mtoto wake juzi. Akaja juu. "Mama, mutu gani analaza kitu kirefu hivi juu ya miguu mbili? Ikivunjika, tumekwisha!"

Nami nikadakia, "Kidole kimoja hakivunji chawa! Tuongeze vingine katikati."

Mama hakukasirika. "Pole kwa mutoto, Papa. Njoo unisaidie." Akatubebesha gogo la mkaratusi, mimi mbele, mchomeleaji mwenzangu nyuma, Papa Sebu katikati, tutembee juu ya yale mawe. Papa alipokanyaga shimo, bega lake likaachana na gogo, sisi wawili tukabeba kama hayupo. Alipopanda jiwe, loo! Uzito wote ukamwangukia yeye.

"Shusheni! Shusheni!"

"Udongo huu ni jiwe hapa, majivu pale," Mama akasema. "Utadidimia tu. Wabebaji wakiwa wawili, kila mumoja anajua muzigo wake. Wa tatu atakimbia kazi, ao atatoboa tumbo la tanki."

Papa Sebu akasugua bega. Mama akaviweka vitako karibu na vichwa vya tanki, ncha zake mbili, pale chuma hakibonyei upesi, kila kimoja kimekumbatia tumbo. Kimoja tukakifunga kwa bolti, kingine tukakiacha kiteleze kidogo, maana chuma kikipata jua hurefuka. Mwanamke yule! Hadi leo namvulia kofia.

Mvua ikanyesha, upande mmoja ukadidimia. Tanki likainama kidogo, lakini halikupasuka, na maji yakatoka. Papa Sebu akajaza kikombe cha binti yake aliyebaki, akampelekea Mama kwa mikono miwili. Mama akakipokea, akamnywesha mtoto.

Basi, mwanangu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; mwenye uchungu akikujia juu, usimshinde kwa maneno, mpe bega abebe, aone mwenyewe. Na mzigo wako ukiwa mzito, usirundike watu kwa hofu. Tafuta mmoja wa kweli, mjuane kila mtu na mahali pake, mmoja akaze, mwingine ajue kulegea. Hata ndoa ni hivyo, muulize mama yako.

Mungu akupe bega lisilochoka, na upande wa pili wa gogo akuwekee mtu asiyekuacha.