Kiti cha Mama Kutoka Mtama

Mama alipopata kiharusi tulimtoa kijijini Pande tukamleta kwangu Kilwa Masoko, nikamlaza chumba cha uani ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Upande wa kulia ulikufa wote, mkono na mguu. Ulimi ulibaki, na ulimi wa mama yangu haukuumbwa kukaa kimya. Hakulalamikia mguu, alilalamikia baraza. "Nitoe nje nione watu," aliniambia kila asubuhi nikimwosha. "Humu ndani nazungumza na ukuta."

Mimi peke yangu sikuweza kumbeba, na wanangu wako mbali. Kilichohitajika ni kiti cha magurudumu, na bei ya dukani ilinitoa jasho. Nilikuwa nimemtunzia pesa za ufuta wake wa mwisho. Nikaanza kupekua kwenye simu, kule watu wanakotangaza vitu vilivyotumika, nikakiona: kiti kizima, kimetumika miezi michache, kiko Mtama, nusu ya bei ya dukani. Bei ile peke yake ingetosha kunishtua. Sikushtuka. Nilijiona mjanja.

Nikapiga. Akapokea kijana mwenye sauti ya adabu. "Shikamoo mama." Marahaba. Akasema kiti kilikuwa cha marehemu mama yake, nikampa pole. Akauliza mimi ni kabila gani. Nikamtajia.

"Kumbe naongea na watani zangu," akasema, akicheka. "Ningejua mapema ningepandisha bei."

Hapo ndipo nilipokwisha. Kwetu sisi mtani si mtu wa mzaha tu. Anakutukana mbele ya wakwe zako na wewe unacheka. Anaingia uani anakamata kuku wako, anaondoka naye, na ukimdai umejiaibisha mwenyewe. Ukifiwa, ndiye anayekuchotea maji na kukuchekesha wakati ndugu zako hawana la kusema. Leo najua kwamba ningemtajia kabila lolote la nchi hii, angekuwa mtani wa hilo.

Nilimwomba anipigie picha nyingine, kiti kikiwa nje, juani. Akajibu, "Mtani, unataka na picha ya kaburi?" Nikacheka, nikaona haya kuendelea kudadisi. Nikasema basi nipande basi nije nikione. Akasema kuna mtu anatoka Nachingwea kesho asubuhi, pesa mkononi, ila yeye anaona uchungu kumpa mgeni huku mtani wake yupo. Nikaanza kutuma. Kabla sijathibitisha, simu ilinionyesha jina la mwanamke, nikamuuliza.

"Huyo ni shemeji yako," akasema. "Mtanie na yeye."

Nilituma pesa zote, na za kupakia mzigo kwenye basi juu yake.

Asubuhi yake nilimwosha mama mapema. Akataka kanga zake mpya. Akataka wanja, nikampaka. Nikamwegemeza kwenye mito, nikamwacha na jirani, nikaenda njia panda ya Nangurukuru kusubiri mabasi ya kutoka Lindi. La kwanza likaja. Kondakta akaniuliza mzigo gani, nikamweleza, akafungua buti akanionyesha magunia ya korosho. La pili halikuwa nacho. La tatu kondakta hakusubiri nimalize kueleza. Nikampigia yule kijana, nikitarajia simu imezimwa. Akapokea.

"Mama," akasema, na adabu yake ileile, "sisi si watani? Nimechukua kuku wangu." Kisha ndipo akazima.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama na kanga zake, wanja umeshuka kidogo jicho la kulia. "Kimefika?" Nikamwambia basi limeharibika njiani. Nilisema hivyo siku nne. Ya tano nikamweleza kila kitu, mpaka neno la kuku. Mama akacheka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo mpaka akapaliwa. "Huyo mtani kweli," akasema. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia mwizi.

Kituo cha polisi, askari mdogo kuliko mwanangu wa mwisho aliniuliza, "Mama, ulituma hujakiona?" Mtaani kila mtu akawa mwalimu. Bei ya chini hivyo ilikuwaje ukaiamini. Akikuharakisha, mkimbie. Jina likiwa si lake, usitume. Mwambie apige picha leo, na kitu utakachomtajia wewe kikiwa pembeni. Ukilipa, lipa mkono juu ya mali. Yote hayo nilikuwa nayajua. Miezi michache tu nyuma nilimzuia jirani yuleyule niliyemwachia mama asinunue friji kwa namna hiyohiyo, nikamwita mjinga. Lakini yule aliyetaka kumuuzia friji hakumtania.

Mama hakutoka nje tena. Masika yalipokwisha alifariki, kwenye chumba kilekile, akiutazama ukuta.

Watani zetu wa kweli walikuja kutoka Pande. Kabla jeneza halijatolewa, bibi mmoja katika wao, aliyemtania mama tangu usichana wao, alikwenda kukaa barazani. Akalegeza mkono wa kulia, akapinda mdomo, akaanza kuwaita wapita njia kwa sauti ya mama yangu hasa: "Njooni mnione. Kiti changu kimefika kutoka Mtama." Waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yanawatoka. Ndiyo kazi yao, kumwigiza marehemu ili wafiwa wapumue, na mama angekuwa hai angecheka kuwashinda wote.

Mimi nilimshika bega nikamwambia aondoke barazani kwangu. Nikamwita mwizi. Nilisema watani wote ni wezi, mbele ya watu, maiti ikiwa ndani.

Alinyoosha mdomo wake, akakaza kanga, akashuka, na wenzake wakamfuata mpaka barabarani. Kisha wanaume wakamtoa mama. Akapita barazani hatimaye, juu ya mabega, amefunikwa, na hapakubaki mtu wa kumtania.