Maji ya Mama na Magari ya Mashindano

Marashi ya mawaridi yakimwagwa juu ya boneti lenye moto, hunuka kama kitu kitamu kilichoungua. Harufu hiyo niliipata mwaka huu, mjukuu wangu Hamisi aliponipeleka kutazama magari ya rali yakiagwa. Vijana walinyunyizia kila gari, na mtangazaji akaeleza kwa kipaza sauti kwamba mila hii ilianzishwa zamani na mwalimu mmoja wa Kurani wa Kariakoo, aliyewaombea madereva.

"Bibi, si baba yako huyo?" Hamisi aliniuliza kwa fahari.

Niliitikia kwa kichwa, kisha nikamwomba anirudishe nyumbani. Ninyi nitawaeleza, kwa kuwa umri wangu hauniruhusu tena kuahirisha.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulipanga chumba cha mbele katika nyumba iliyo karibu na Msimbazi, dirisha likitazama barabara ambayo siku hizo ilikuwa mchanga mtupu. Baba alisomesha barazani, sauti za wanafunzi zikipokezana na nyundo za mafundi bati. Chini ya dirisha palikuwa na kitanda cha mdogo wangu Salimu, mwenye miaka minne. Alikuwa na pumu. Lori moja tu likipita, kifua chake kilianza kupiga filimbi, naye kwa ucheshi wake alitwambia tusikilize, treni inakuja.

Mwaka ule mashindano makubwa ya magari yalipangiwa kupita mtaani kwetu. Mama aliogopa vumbi. Alichukua kopo la maziwa lililotobolewa kitako, akateka maji ya bomba, akaanza kunyunyizia mchanga mbele ya nyumba. Hakuwahi kumaliza. Gari la kwanza lilitokea kwa kasi, mama akaruka pembeni, na maji yote yakamwagikia boneti. Gari hilo ndilo lililoshinda.

Siku chache baadaye alikuja Fundi Idi, makanika wa mtaa wa Gerezani, akanikuta mlangoni nachambua mchele. Alitaka kujua mama alimwaga nini. Nami nilijua jibu alilolifuata. Baba alikuwa akiwatengenezea wagonjwa kombe: aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, mgonjwa akayanywa.

"Lilikuwa kombe?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Kombe," nikasema.

Sikuwa na tabia ya kusema uongo. Nilipenda tu jinsi mtu mzima yule alivyoniangalia.

Habari ilifika Ilala kabla ya Magharibi. Baba alikanusha barazani, akakanusha msikitini, na kila alipokanusha watu walizidi kumsifu kwa unyenyekevu.

"Ni maji ya bomba, jamani," alisema.

"Sawa, Mwalimu," Fundi Idi akamjibu. "Basi na sisi tunaomba hayohayo ya bomba."

Mwaka uliofuata watu walijaa mlangoni kwetu tangu asubuhi, miguu yao ikitimua vumbi kuliko magari. Madereva nao, badala ya kupita, walisimama mmoja mmoja wanyunyiziwe, injini zikinguruma, moshi ukiingia dirishani. Mama alikuwa katikati ya watu na kopo lake. Kila alipotaka kuinama anyunyizie mchanga, mkono wake ulivutwa kwenye boneti jingine. Maji yote yaliishia juu ya vyuma. Ardhi ilibaki kavu.

Mimi ndiye niliyeingia ndani. Salimu alikuwa amekaa kitandani, mabega yamepanda hadi masikioni, midomo imebadilika rangi. Hakutaja treni. Nilipenya umati nikamwita baba, akaja akambeba. Barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mashindano. Magari yote yale mbele ya mlango wetu, na baba alikwenda hospitali kwa miguu, watu wakimpa mkono njiani wakidhani amemtoa mtoto aone sherehe. Kabla ya Magharibi alirudi naye amefunikwa shuka.

Walikuja wengi kuzika, hata mafundi. Mwaka uliofuata mama hakutoka, lakini wengine walitoka na vyombo vyao, wakaongeza marashi. Baba hakukanusha tena.

Neno langu lile nililibeba miaka arobaini. Nilisoma dini, nikasomesha, nikajaliwa kuhiji, na kila nilipofika nililikuta limenitangulia. Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, nilipiga magoti kando ya kitanda nikamweleza.

"Nilikusikia siku ileile," alisema. "Nilikuwa dirishani, namlaza Salimu. Ningetoa kichwa nikamwambia Fundi kwamba mtoto anatania. Nikasema moyoni, acha na sisi tuheshimiwe kidogo."

Utotoni, baada ya maziko, niliona mama hanitazami usoni, nikajua ananichukia. Kumbe alidhani ni mimi ninayemtazama kwa lawama. Tuliishi nyumba moja miaka yote ile, tukala sahani moja, kila mmoja akimkwepa mwenzake kwa kosa lilelile, na hakuna aliyemliwaza mwingine.

Mungu amenipa mengi, nami nashukuru asubuhi na jioni. Kwa hili nimemwomba subira tu. Nimeomba tangu msiba ule, na bado sijapewa.