Chaki ya Fundi

Mkewe fundi cherehani alikuwa mwalimu mstaafu. Macho yalipoanza kuingia giza, aliandika orodha ya vitabu mia moja, vile vikongwe vinavyosifiwa na kila msomi, akamkabidhi mumewe. "Wewe ndiye macho yangu sasa. Sitaki kufa mjinga."

Fundi, ambaye maisha yake yote alisoma vipimo vya viuno tu, alianza kumsomea kwa sauti, akijikwaa kila mstari. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kwanza, mkewe alicheka mpaka akashika mbavu. "Rudia, baba watoto! Pameandikwa mgeni 'amefika.' Wewe umesoma 'amekufa.' Hata hajakaribishwa, ushamzika!"

Kila kitabu kilipoisha, fundi alikiwekea alama kwenye orodha kwa chaki yake ya nta ya kuchorea vitambaa. Walifika cha arobaini na moja, mke akafariki.

Siku chache baada ya mazishi aliikuta orodha chini ya mto, imekunjamana. Mkono wa fundi hauvumilii makunyanzi, akaipiga pasi. Karatasi ilinyooka vizuri, lakini chaki yote ikayeyuka, isibaki hata alama moja.

Binti yao alimkuta ameduwaa. "Si unavikumbuka mlivyosoma, baba?"

"Navikumbuka, mama."

Hata hivyo alichukua kitabu cha kwanza, akaketi kando ya kitanda kitupu, akasoma kwa sauti.

"Mgeni amekufa," alisema makusudi, kisha akangoja kuambiwa arudie.