Kompyuta ya Manila

Mwaka tulioambiwa kwamba maktaba yetu ya Embu ingepata kompyuta moja, nilishikwa na kiherehere hadi mume wangu akanichoka. Nilikuwa karani wa kaunta. Bosi alisema wazi kwamba kompyuta ingekaa ofisini kwake, kwa sababu wasomaji wangeiharibu tu. Nikabisha. Nilitaka ikae ukumbini, msomaji ajitafutie kitabu mwenyewe bila kuniomba mimi. Akanipa wiki mbili nimwonyeshe kwamba wanaweza.

Kompyuta yenyewe haikuwa imefika, na mimi subira sina. Nikachukua karatasi za manila nikachora kila ukurasa jinsi ungeonekana kwenye kioo: MIMEA, AFYA, MIFUGO, na chini kabisa, RUDI. Msomaji angegusa neno kwa kidole, nami nimeketi mbele yake, ningeondoa karatasi ile na kuweka inayofuata. Kompyuta nilikuwa mimi!

Siku ya kwanza walijaribu watu saba, na wote saba wakaondoka na vitabu. Wa mwisho alikuwa mama mfugaji kutoka Kiambere. Aligusa MIFUGO, kisha NG'OMBE, akaazima kitabu cha magonjwa ya ng'ombe. Nilienda nyumbani nikiimba. Nilijiona nimefika.

Siku ambayo bosi alikuwa aje kutazama, yule mama alirudisha kitabu asubuhi. Nikamuuliza ng'ombe wanaendeleaje.

"Ng'ombe sina. Niko na mbuzi. Zinakohoa, na mbili zimekufa."

"Sasa mbona uligusa ng'ombe, mama?"

"Kidole iliteleza."

"Si ungegusa RUDI!"

Akanitazama kama mtoto asiyefunzwa adabu. "Wewe umenitafutia kitabu na mikono yako, halafu niseme sitaki? Hata ukipewa chakula haina chumvi, si unakula?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikakimbilia karatasi zangu. Maneno yote yalikuwa yamechafuka kwa vidole, ila RUDI lilikuwa safi kama siku niliyolichora. Hakuna hata mmoja aliyeligusa. Kumbe watu saba walikuwa wamepokea nilichowawekea, kwa heshima tu, na mimi nikavimba kichwa.

Basi kompyuta isiwe na uso! Stoo kulikuwa na boksi kubwa la friji. Nikalikata dirisha kwa wembe, nikaingia na karatasi zangu, nikamsihi mama asubiri ajaribu tena. Saa nane bosi akaja, akasimama kando amekunja mikono.

Mama akagusa MIFUGO. Akagusa MBUZI. Mle ndani mlikuwa na giza, nikakosea nikaweka orodha ya kuku.

Niliuma mdomo. Nilijua akikubali kuku, kompyuta imeenda ofisini, na yeye amerudi kwa mbuzi wake mikono mitupu.

Kidole kikagonga RUDI.

Nilitaka kupiga kelele! Kwa furaha nikakosea tena, nikaweka ng'ombe. Sasa kidole kilikuja kwa nguvu, boksi zima likatikisika.

"Wewe! Kwani huna masikio? Nimesema mbuzi!"

Nikaipata karatasi ya mbuzi. Nikamsikia akisoma orodha polepole, kwa sauti, hadi akafika kwenye kitabu cha magonjwa ya mapafu. Bosi mwenyewe akaenda kumtolea rafuni, kisha akaja kuinama dirishani.

"Toka huko," aliniambia. "Njoo unionyeshe soketi ya stima tuiweke upande gani wa ukumbi."

Nilitoka nikilia. Nilimrukia mama nikamkumbatia, kitabu kikiwa katikati yetu. Akanisukuma taratibu.

"Niachilie," alisema. "Mbuzi zangu ni wagonjwa."