Mbwa ameacha kukoroma, Mama hataki alale

Leo Mama kamchokoa kwa fimbo mbwa aliyetoka kupasuliwa.

Ni yule wa uso bapa niliyeachiwa na bosi wa kambi ya watalii hapa Natta. Akilala alikuwa anakoroma, pumzi inakata, anashtuka akihema. Daktari wa mifugo kampanua pua, kakata na kinyama kilichomziba kooni.

Mchana tumefika nyumbani, kalala kimya. Nikafurahi jamani.

Mama akaacha kuchambua maharage.

"Mwamshe."

"Mama, daktari kasema apumzike."

"Hata mimi nilisema hivyo."

Ndipo akaniambia. Enzi za ujamaa, balozi wa nyumba kumi alipita asubuhi kuita watu shamba la kijiji. Baba alikuwa mkoromaji, majirani wote wanajua. Siku hiyo kimya. Mama akamwambia balozi, "Mwache, leo kapata usingizi."

Akaenda kulima sehemu yake na ya Baba. Mimi nikiwa mgongoni.

Aliporudi, mwili wa Baba ulikuwa wa baridi.

Miaka yote hii sikuwahi kuambiwa.

Mbwa kafungua jicho moja, kalala tena. Mama karudi kwenye maharage.

Wenye mbwa waliopasuliwa, huu ukimya mliuzoeaje?

Mama kashamwamsha mara nne. Simkatazi.