Nusu Saa ya Ami Lazhar

Naziha hakuwa na roho mbaya, ila alikuwa na haraka, na haraka haraka haina baraka. Alikuwa msimamizi wa wachambuaji tende katika ghala moja la mji wa Tozeur, kando ya jangwa. Chini yake alikuwapo Ami Lazhar, mzee wa miaka hamsini na nane, ambaye tende yenye funza aliijua kwa kuigusa tu.

Msimu huo tajiri alileta mashine ya kuchambua, na kila mfanyakazi akatakiwa kujifunza kuiendesha kwa masomo ya mtandaoni, kisha afanye mtihani kwenye simu yake. Waliofaulu ni wale waliokaa wawili wawili wakati wa mapumziko, simu moja katikati, wakiulizana na kuchekana. Ami Lazhar aliona haya kuwauliza vijana. Akamwendea Naziha.

"Mwanangu, nipe nusu saa tu. Somo la pili limenishinda."

"Kwa kazi zote hizi, ami? Lete simu, nitakufanyia mimi. Usiaibike bure na mvi zako."

"Na mashine je?"

"Utaizoea. Mbona tende ulizizoea!"

Masikini Naziha, alidhani anamheshimu. Mzee akapata tisini na sita kwa mia, ghala zima likampigia vigelegele, na tajiri kwa furaha akamkabidhi mashine peke yake.

Siku ya tatu taa ya manjano ikawaka. Ami Lazhar akaitazama, akingoja izime. Mpaka watu wanafika, shehena nzima ya kwenda ng'ambo ilikuwa imesagika.

"Si wewe uliyepata tisini na sita?" tajiri alifoka.

Mzee akamtupia jicho Naziha, kisha akainama. "Nimesahau, bwana. Uzee huu."

Naziha akajitia kuhesabu makasha ya tende. Ami Lazhar akafukuzwa siku ile ile, baada ya miaka thelathini.

Ijumaa Naziha alimwendea nyumbani kumtaka radhi, huku akijichukia. Mzee hakumpa nafasi. Alimmiminia chai, akatoa daftari la shule na kalamu ya risasi.

"Leo unayo nusu saa, mwanangu? Ile taa ya manjano maana yake nini?"

"Ukiiona... unabonyeza kitufe chekundu. Mashine inasimama."

"Basi?"

"Basi, ami."

Akaandika polepole, neno kwa neno. Chai ilikuwa bado haijapoa.