Kifua cha Mama

Nikisikia harufu ya vumbi la mahindi makavu, hata leo, mimi husimama kidogo.

Mama alikuwa akiwapepetea watu mahindi huko Kibomet, na kila msimu wa mavuno pumu ilimbana. Aliinama akashika magoti, kifua kikilia kama filimbi, mpaka ikamwachilia. "Ikipita imepita," alituambia.

Mwaka mmoja haikupita. Tukaenda kwa dada yake Bungoma, naye akatupeleka kwa daktari. Mama alipuliza kwenye kifaa cha kupima pumzi, akapewa dawa, akapuliza tena. Daktari akatikisa kichwa.

"Mama, njia za hewa zikibanwa miaka mingi, kuta zake hujijenga nene, kama kovu. Dawa itasaidia, lakini haiwezi kuzirudisha."

"Kwani si huwa zinafunguka nikitulia, daktari?"

"Zinafunguka, lakini zimeshabaki nyembamba."

Tulipotoka, Mama alisimama mara tatu kabla ya kufika langoni, na watu wakaanza kumtazama. Mara ya tatu niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, waone kwamba ni mimi ninayengojewa.

Nilikuwa nimevaa patipati, ndara zisizo na kamba.